Tulishusha Antena Wenyewe

Jirani zetu wa hapa mjini, mtaa wa Nyamianda, bado wanaamini tuliachana na televisheni kwa sababu tulifilisika. Nimechoka kuwakatalia. Antena tuliishusha wenyewe, Jumapili mchana baada ya misa, njia ikiwa imejaa watu, kwa sababu nilitaka kila mwenye macho aione ikishuka. Anayetaka kujua sababu ni hii hapa, na asiyetaka aendelee kutuonea huruma.

Baba yangu anaishi Rurambo, juu milimani, na ng'ombe wake wachache na mashamba ya maharage. Huko nilikozaliwa habari nzito haisemwi kwenye simu. Ugonjwa wa mtu mzima hubebwa kwa miguu. Aliyeubeba akifika huketishwa, hupewa maji ya kunywa, kisha nyumba nzima hunyamaza na mwenye nyumba humwambia, "Leta habari." Kabla ya hapo mgeni hafungui kinywa. Kushindana na kelele za wenyeji ni kujidhalilisha, yeye pamoja na aliyemtuma. Hayo nayajua tangu utotoni, kwa hiyo kosa langu sina wa kumsingizia.

Baba alishuka siku moja ya kiangazi bila kutuarifu. Tulifurahi mno. Tulimpa kiti kikubwa, kile kinachotazama televisheni, maana kwetu mjini mgeni akija televisheni haizimwi, inaongezwa sauti. Kuizima ni kama kumnyima mtu chakula. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na anampenda sana baba yangu, alibonyeza rimoti mpaka akapata stesheni inayoonyesha ng'ombe wa Ulaya, wanene, wanakamuliwa kwa mashine.

"Baba, muangalie bale ng'ombe!" akamwambia.

Baba akaangalia. Aliangalia ng'ombe, akaangalia mpira, akaangalia wanawake wawili waliokuwa wakigombania bwana katika nyumba yenye ngazi za vioo. Tulikula hivyo hivyo, macho ukutani. Mara mbili nilimwona amenigeukia, nikamwongezea samaki. Asubuhi watoto wetu watatu waliamkia katuni, nami nilikuwa mbioni nikifunga vitenge vyangu vya kupeleka sokoni. Baba akachukua fimbo yake.

"Muko na habari mingi humu ndani," akasema.

Nikacheka. Nilidhani anatusifu! Nikamfungia sukari na sabuni, nikamwitia pikipiki imfikishe pale njia ya mlima inapoanzia.

Siku ya tano, mwanamke anayeshusha maharage kutoka Rurambo alisimama mbele ya meza yangu sokoni. Hakununua kitu. Aliniangalia vibaya.

"Pole na shangazi yako," akasema. "Tulimuzika jana. Alikuita mpaka mwisho. Baba yako alikuja kukuchukua, akarudi peke yake. Batu banasema ulikatala."

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule, na dada yake baba akanichukua, akanifundisha kukamua, akanipiga, akanisuka, na siku ya harusi yangu alishuka mlima wote kwa miguu akikataa pikipiki kwa sababu alitaka kuniimbia njia nzima. Mtu huyo aliniita, na mimi nilikuwa nikitazama ng'ombe wa Ulaya.

Nilipanda siku ile ile, nguo za sokoni mwilini. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Baba alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, na hakuinuka.

"Baba, mbona hamukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Niliketi chini karibu naye.

"Nilingojea nyumba inyamaze," akasema. "Haikunyamaza. Sasa miye sitabeba tena habari kwenda kwako. Utakuwa unaisikia ku soko."

Neno hilo liliniuma kuliko kaburi. Shangazi alikuwa amekwisha kwenda, lakini baba alikuwa hai, na alikuwa ananitoa katika hesabu ya watu wake. Mtoto asiyeletewa habari si mtoto wa nyumba tena. Siku yeye mwenyewe akiugua, ningepewa pole na muuza maharage. Nilishuka mlima nikilia kwa hasira, na nilipofika chini nilikuwa nimeshaamua.

Mume wangu alibisha, na alibisha vizuri. "Kosa haiko ya televizyo, mama. Iko yetu. Tungeizima tu."

Ni kweli, nilimwambia. Lakini kosa letu halina skrubu za kufungua, na antena inazo. Tulikuwa na miaka tisa ya kuizima tu, na hatukuizima hata padri alipokuja kubariki nyumba. Alibariki huku akiuliza ni magoli mangapi. Zikapita siku tatu. Ya nne mume wangu akaazima ngazi.

Alipokuwa juu ya bati, mama jirani alipaza sauti kutoka njiani, watu wasikie kwamba ada ya mwezi ya stesheni imetushinda: "Abonema imebashinda?"

"Abonema iko!" mume wangu akajibu kutoka juu, ufunguo wa skrubu mkononi. "Tunaishusha na abonema yake ndani!"

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Shemeji, ndugu yake mkubwa, alifika kesho yake kututukana. Alisema tunajiangusha mbele ya watu, kwamba mwalimu asiye na televisheni wanafunzi watamcheka, kwamba mimi nimemroga mdogo wake. Alipomaliza aliifunga televisheni katika blanketi, akaipakia kwenye pikipiki, akaenda nayo kwake. Na iende. Kijana wa kuuza abonema naye alikuja mara mbili na stesheni za bure za kutubembelezea; nilimpa maji, nikamwonyesha mlango. Aliyenikera zaidi ni mama mmoja wa chama chetu cha kanisani, aliyesimama kunisifu kwamba nimemfukuza shetani. Nilimwambia sikumwona shetani ndani ya televisheni hata siku moja, niliona mpira na mapenzi, na vyote viwili nilivipenda. Akaketi.

Sitadanganya kwamba watoto wamekuwa malaika. Walilia, wakahamia kwa jirani, na binti yangu mkubwa alininunia karibu mwezi. Jioni za kwanza mimi na mume wangu tuliketi kama abiria wawili wasiojuana, kila mmoja akimuuliza mwenzake kama chumvi imetosha. Iliniuma kugundua jinsi tulivyokuwa na machache ya kuambiana. Lakini sikurudi nyuma.

Baba hatukumpigia simu. Mume wangu alipanda Rurambo mwenyewe, akaketi, akanywa maji, akangoja. Aliniambia baba alimkalisha muda mrefu sana, kwa makusudi, ndipo akasema, "Leta habari." Akaileta. Baba alimpa tu maziwa ya kuniletea.

Tukangoja. Maharage yakavunwa, mvua zikaanza, nikawa nahofia kila mteja anayeshuka kutoka milimani, nisije nikapewa pole nyingine.

Kisha mchana mmoja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta baba mlangoni na fimbo yake. Nilimwingiza katika kiti kile kile. Aliutazama ukuta, pale rangi ilipobaki mpya, akatazama juu kwenye tundu la waya, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kununua. Nilimpa maji. Watoto walikuja wakaketi chini bila kuitwa. Televisheni ya jirani ilisikika ng'ambo ya ukuta, na binti yangu aliyeninunia aliinuka akafunga dirisha.

"Baba," nikasema, "mutuletee habari."

Alisafisha koo. Kwetu milimani habari hutolewa kwa mpangilio iliofika nao, ya zamani kwanza, wala hairukwi hata moja. Nilisahau hilo, nikadhani ataanza na mvua.

"Nimetumwa," baba akasema. "Shangazi yako ni mugonjwa. Anasema ukuje, akuone."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilipiga magoti mbele ya baba, nikamjibu kama nilivyopaswa kumjibu siku ile.

"Mumuambie niko nakuja."