Hendeli ya Mzee Ntirampeba

Mume wangu Pancras hakujua kukaa. Mimi Koleta nimeishi naye tangu nikiwa msichana, na miguu yake sikuwahi kuiona imetulia. Kanisani inagonga benchi, wakati wa chakula inachezacheza, na kitandani ndiyo usiseme, ananipiga mateke kama anafukuza mbuzi. Nilishazoea. Lakini Renatus, mtoto wetu wa pekee, alipochukuliwa pamoja na wenzake wa mgambo kwenda vitani kumtoa adui Kagera, hali ile ilizidi mpaka nikawa nashika kichwa.

Miaka michache kabla ya hapo tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Biharamulo unaopakana na Ngara. Renatus alikuwa amegawiwa shamba lake mwenyewe, nyasi tupu kutoka barabarani mpaka bondeni, na alikuwa hajalitia jembe alipoitwa. Basi mwenyekiti wetu wa kijiji, Anastazi, akatangaza mkutanoni kwamba masika yakianza, shamba lolote ambalo halijalimwa atapewa mtu mwingine, maana kuna watu wana njaa. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, macho yote yalitugeukia sisi. Pancras kiuno chake kilikuwa kibovu, na mimi nilikuwa na shamba langu pamoja na zamu za shamba la kijiji. Redio nayo kila siku inasema majeshi yetu yamesonga mbele, haisemi Renatus wangu yuko wapi. Nikajiapiza kwamba shamba la mwanangu hapewi mtu. Wakishaligawa, ni sawa na kusema harudi.

Nikamwambia Pancras atafute vibarua. Vibarua wenyewe wako vitani, akanijibu, akaondoka akiswaga ng'ombe wetu, kasoro jike mmoja. Alivyorudi, ng'ombe hana. Amenunua trekta.

Nasema trekta, lakini mngeliona mngecheka. Dogo, fupi, limeoza rangi, kuku walikuwa wanatagia chini ya kiti. Lilikuwa la mzee Ntirampeba wa Kibimba, Mrundi aliyekimbia mauaji kwao akaja kuanza upya huku. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa kahawa, na tajiri alipoondoka akamwachia lile kama bakshishi. Tangu hapo lilikuwa limelala bandani. Lori moja lililobaki wilayani, kabla nalo halijachukuliwa kwenda vitani, ndilo lililolivuta kwa mnyororo mpaka kwetu. Watu wakalizunguka wanamtania Pancras, wanamwita kabaila. Yeye anacheka, miguu inacheza.

Nikauliza linawashwaje. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Kwetu sisi watu wa ng'ombe, ukiuza ng'ombe unamvua kamba. Mnunuzi anakuja na kamba yake, ya kwako inabaki nyumbani ili zizi lisikauke. Ng'ombe wa zawadi ndiye anayeondoka na kamba. Sasa huyu mume wangu, kwa kutaka aonekane mtu wa adabu, trekta amelinunua kama ng'ombe! Lina chuma chake kilichopinda, hendeli, unaichomeka mbele unaizungusha ndipo injini iamke. Pancras mwenyewe ndiye aliyeichomoa akamkabidhi mzee kwa mikono miwili, akisema hii ndiyo kamba, baki nayo. Mzee akafurahi, akamtolea rubisi wakanywa. Eti kamba! Nilimtukana siku ile, Mungu anisamehe.

Akasema tutalisukuma mteremkoni. Kwanza lakini lipone. Akalala chini yake wiki baada ya wiki. Injini ilikuwa imeganda, akaimwagia mafuta ndani, anasubiri, anatikisa, anamwaga tena. Kabureta aliifungua juu ya mkeka wangu wa kuanikia mtama. Akatoa kiota cha panya kwenye bomba la moshi. Rejeta ilivuja, akaizibisha kwa fundi wa masufuria. Petroli ilikuwa haipatikani, yote inakwenda vitani, akahangaika mpaka Kabanga mpakani akapata chupa moja. Trekta lile unaliwasha kwa petroli kidogo, likipata moto unaligeuzia mafuta ya taa. Basi mafuta ya taa yote yakaenda huko, sisi tukawa tunakula gizani.

Siku ya kulisukuma tulitoka wanawake, maana wanaume wenye nguvu hawakuwepo. Tulisukuma mpaka vilemba vikaanguka. Likakohoa, likanyamaza bondeni. Tukalipandisha, tukasukuma tena, wapi. Mhunzi akamfulia hendeli nyingine, ikateleza ikarudi nyuma ikampiga Pancras kifundo cha mkono, mkono ukavimba. Na mawingu yameanza kujikusanya.

Ikabidi aende Kibimba kuomba. Akarudi mikono mitupu. Mzee amemkatalia kwa upole, amemwambia alipovuka kutoka Burundi hakubaki na kamba hata moja, sasa hii ndiyo ya kwanza, akiitoa atabaki na nini? Nikamuuliza Pancras kama amemweleza habari za shamba la Renatus. Kumbe hakusema, aliona aibu kulialia mbele ya mgeni.

Nikajifunga kanga, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mzee anachonga mpini. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, halafu sikuzunguka. Nikamweleza habari za vita, za mwenyekiti, za nyasi, za mvua. Nikamwambia nina hasira na yeye na mume wangu pia, wote wawili na kamba zao. Aliacha kuchonga. Akamwambia mkewe anipe maji, basi. Nikarudi nimekasirika njia nzima.

Kesho yake namwona anapanda njia yetu, hendeli begani, kifurushi mkononi. Hakutaka hata kiti. Akamwekea Pancras kifurushi mapajani: zilikuwa pesa zetu zile za trekta.

"Chukua," akasema. "Sikuuzii tena. Nimempa kijana wako, na zawadi inakwenda na kamba yake. Mimi nilikimbia, shamba langu wakagawana. La Renatus wasigawane."

Nililia pale pale mbele yao, sikujali.

Mzee mwenyewe ndiye aliyezungusha. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili likapiga chafya, halafu likanguruma, kuku wakatawanyika kijiji kizima. Pancras akapanda. Akalima kutoka barabarani mpaka bondeni, na mwenyekiti Anastazi akaja akasimama pembeni, akavua kofia. Mvua ilikuta udongo uko wazi.

Nilidhani sasa atapumzika. Akazima injini, akakaa kwenye tuta, miguu inatetemeka, akaniangalia.

"Mama Renatus," akasema, "sasa sina cha kutengeneza."

Ndipo nikajua kwamba hakuwa anakimbizana na masika peke yake. Nilichukua hendeli nikampa. Nikamwambia liwashe, ulime tena. Akalima tena shamba lililokwisha kulimwa. Nikapanda mtama, redio ikatangaza tumeshinda, tukavuna, Renatus hajaja, na yeye akalima tena. Watu walisema amechanganyikiwa. Waliosema mbele yangu niliwajibu.

Vita vilikwisha, wengine wakarudi, ukapita mwaka. Halafu mchana mmoja kijana mwembamba mwenye mkoba wa jeshi akashuka barabarani. Hakuja nyumbani moja kwa moja. Alisimama kwenye shamba lake, akainama, akachota udongo. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimemshika shati.

"Mama," akauliza, "nani amesaga shamba langu likawa unga namna hii?"

Nikamvuta mpaka bandani. Baba yake alikuwa amelala chini ya trekta, anafungua kitu kisichohitaji kufunguliwa. Renatus akamwamkia. Pancras akaacha kufungua, lakini hakutoka. Niliona tu miguu yake imetulia.