Ziwani Bila Ndoo: Mayu Anakwenda Empakaai

Mama yangu amezaliwa na kuzeekea Mkula, Busega, na maisha yake yote hajawahi kwenda Ziwa Viktoria mikono mitupu. Akienda ni na ndoo ya maji au beseni la nguo. Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuvunwa, alikuja kwangu Somanda, hapa Bariadi ninaposhona nguo, akasema, "Kabula, goti langu limeanza kunigomea. Kabla halijagoma kabisa, nataka nifike ziwani nikae tu. Na ziwa lenyewe lisiwe la kwetu. Pale nikikaa kidogo, nitaitwa nikafue."

Mume wangu Hamisi, mwenye duka na gari, akapendekeza Empakaai, ziwa lililo ndani ya shimo kubwa la mlima kule Ngorongoro. Mayu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, akakubali kwa sharti moja: hakuna kubeba chombo cha maji kushuka ziwani, iwe ndoo, dumu au chupa.

Alfajiri tukaondoka. Mwandoya tulisimama kunywa chai, na Mayu akamwamkia kila aliyepita, "Mwangaluka!" Mama muuza maandazi akamuuliza anakwenda wapi.

"Ziwani, huko milimani."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Naenda kukaa."

Yule mama alicheka mpaka akaweka chini sufuria yake. Akatuongezea maandazi mawili ya njiani.

Baada ya daraja la Sibiti tulikula vumbi mpaka Haydom. Jioni tukaingia Karatu, ambako baridi ilimfanya Mayu avae koti la mkwewe juu ya khanga mbili. Tukalala hapo.

Asubuhi tukapita lango la hifadhi na kupanda hadi Nainokanoka, tukamchukua askari wa wanyamapori, kijana mpole aitwaye Lazaro. Hakuna anayeshuka Empakaai bila askari, maana msituni kuna nyati.

Ukingoni ukungu ulikuwa unafunguka. Chini kabisa, katikati ya kuta za msitu, ziwa lilikuwa limetulia, bluu katikati na kijani pembeni. Upande wa pili kilele cha Oldonyo Lengai kilichungulia juu ya mawingu. Nilipiga kelele kama mtoto, sioni aibu kusema.

"Maji mmebeba?" Lazaro akauliza.

"Mwanangu," Mayu akamjibu, "nani anapeleka maji ziwani?"

Lazaro akacheka, akidhani anataniwa. Chupa zetu zikabaki kwenye gari.

Njia ilishuka kwa mizunguko chini ya miti iliyofuga ndevu za kijani. Kima walituangalia kwa dharau kutoka juu. Mayu alishuka polepole, mkono mmoja begani kwangu, akisifia kila ua.

Tulipofika chini, heroe, wale ndege ambao wengi huwaita flamingo, walikuwa wametanda ufukweni kwa rangi ya waridi. Mayu akainama, akachota maji kwa viganja kama anavyofanya kwao, akanywa. Akayatema yote.

"Chumvi! Nani kalitia chumvi ziwa zima?"

"Ni magadi, mama," Lazaro akasema. "Haya hayanyweki."

Chakula tulichobeba kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, vikavu kama kuni. Hamisi akataka kukimbia juu kuchukua chupa. Lazaro akakataa: tumeshuka pamoja, tutapanda pamoja. Maji yaliyokuwepo ni chupa yake moja tu. Nikatazama ule ukuta wa mlima, nikatazama goti la mama yangu, nikaogopa kwelikweli.

"Mayu, tupande sasa hivi, kabla ya kiu."

"Nani apande? Nimekuja kukaa."

Akavua viatu, akanyoosha miguu, akakaa. Heroe wakaruka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya maji, wakatua tena. Mayu alikuwa akicheka peke yake. Sijawahi kumwona mama yangu amekaa muda mrefu namna ile bila kuchambua, kumenya wala kusuka kitu. Nikakaa naye, na hofu ikanipungua.

Mchana tukaanza kupanda. Mayu akaupanda mlima kama anavyolima shamba la pamba: kila kona aliifanya tuta. "Tumalize tuta hili, ndiyo tupumzike." Mwisho wa tuta, kila mtu funda moja la chupa ya Lazaro. Akaanzisha wimbo wa palizi, na Lazaro, asiyejua Kisukuma, akawa anaitikia. Mara mbili goti lilikataa, tukakaa mpaka likubali. Chupa ilikuwa tupu zamani tulipoliona gari. Mayu alikunywa maji mpaka yakamwagikia koti la watu, akamshika Lazaro mikono yote miwili kumshukuru.

"Wabeja, mwanangu. Umelima vizuri."

Tulirudi kwa njia ileile, nikampeleka Mayu hadi Mkula. Nilikuwa nimejifunza kwamba kupumzika nako kunataka moyo, na kwamba mama yangu anao.

Asubuhi yake sikumkuta nyumbani. Nilimwona ufukweni mwa Ziwa Viktoria, amekaa kwenye mchanga, viatu pembeni. Jirani yake alikuwa amesimama na ndoo.

"Wewe, ndoo yako iko wapi?"

"Sina. Nimekuja kukaa."

Jirani akamwangalia, akaangalia maji. Kisha akaipindua ndoo yake, akaikalia.