Paa Jekundu la Mwanaidi

Usiku ule nililala bila hata kuosha brashi. Kwa wiki tatu nilikuwa msanii mgeni kwenye shule moja ya msingi hapa Morogoro, nikiwafundisha watoto wa darasa la tatu kuchora, kupaka rangi za maji na kukunja karatasi. Kesho yake wazazi wangekuja kuona kazi za watoto wao, kisha mimi nisingerudi tena pale.

Mchana niliona picha ya Mwanaidi haifai kubandikwa. Alikuwa amechora nyumba yao, akazidisha maji, anga ikatiririkia kwenye bati na kila kitu kikawa bluu. Nikachukua brashi, nikamwekea paa jekundu na kivuli chake, wenzake wakitazama. Ikapendeza. Watoto wakapiga makofi. Mwanaidi akaiangalia, akasema, "Hapa si kwetu." Kisha akaanza kuikunja kama nilivyowafundisha kukunja ndege, ila hakuishia kwenye ndege. Aliikunja na kuikunja mpaka ikawa kama kipande cha sabuni, akaiweka mezani kwangu. Brashi hakuigusa tena siku ile. Nami, kusema kweli, sikuhisi chochote. Nilirudi nyumbani, nikala ugali wangu, nikalala.

Ndipo akaja Mwalimu Tekla. Ndiye aliyenifundisha kuchora utotoni, na sasa ana miaka minne kaburini. Nilimkuta ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yamembana, amevaa lile sweta lake la kijani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Uhai wake wote hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtoto bila marahaba, kwa hiyo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Halafu darasa ni jiko la mama yangu, na ukutani zimebandikwa picha zangu za zamani: mbuzi mwenye miguu mitano, baba asiye na shingo. Mwalimu anapita mbele ya kila moja, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, kama alivyokuwa akipita kati ya madawati yetu. Tulikuwa tukimcheka, tukisema anaficha maandazi. Namuuliza kwa nini hakunirekebishia yule mbuzi. Anasimama.

"Mikono ilikuwa inaniwasha, Pendo," anasema. "Ndiyo maana niliifunga."

Maji yanaingia jikoni, ya bluu, yananifika kwenye vifundo vya miguu, wala hayana baridi. Namweleza kwamba wazazi wanakuja. Kwamba mwalimu mkuu anataka picha za kupendeza. Kwamba mtoto ni mtoto tu, atasahau, na hata hivyo maji yakimwagika hayazoleki. Najitetea sana. Yeye ananisikiliza mpaka maneno yananiishia, na bado sihisi kitu, nimekuwa mzito kama karatasi iliyolowa.

"Ulimrekebisha mbele ya wenzake," anasema. "Mwombe radhi mbele ya hao hao."

Nataka kumuuliza kama Mwanaidi atachora tena. Nageuka, na jikoni hakuna mtu.

Niliamka alfajiri, jirani akifagia uwanja wake. Nilijua kwamba asubuhi ile lazima nisimame mbele ya darasa zima, wazazi wakiwapo, nimwambie mtoto wa miaka tisa kwamba nilimkosea. Nikakaa kitandani, nikajaribu kulisema kwa sauti ili nilizoee. "Mwanaidi, nilikuharibia picha yako. Nisamehe." Sauti ilitoka kavu, kama ninasoma tangazo, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu nilifika kwenye jina lake, nikashindwa kuendelea.