Chemba ya Mlango B

Mwamba wa ghorofa ya pili ni mtu mpole, na mimi ndiye niliyemtukana mbele ya jengo zima. Nalisema mwenyewe, maana hapa Fisksätra, mtaa wetu huku kwa Waswidi, wapo watakaolisimulia kwa chumvi zaidi.

Amezaliwa Kasai, kule Kongo, akafundisha hesabu Bukavu, na Kiswahili alikiokota ukubwani, neno hapa neno pale. Siku hizi anazunguka na lori la kunyonya uchafu kwenye chemba za maji ya mvua. Majani yakianza kudondoka, yeye na mwenzake hupewa orodha ya sehemu za mabondeni, wakafunua chemba moja baada ya nyingine na kunyonya majani na kokoto kabla baridi haijagandisha yote. Hayo nayajua leo. Novemba ile nilijua tu kwamba anafanya kazi za barabara.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekodi chumba chini ya jengo, unashuka ngazi saba kutoka uani. Vyerehani vyangu vitatu ni vya kiwandani, vizito, mota zake ziko chini karibu na sakafu. Mwaka uliotangulia maji yaliingia, mota moja ikaungua, nikalia kama mtoto. Sasa nilikuwa na gauni la mteja wangu Anitha, harusi yake Jumamosi inayofuata, halijawekwa hata mikono. Na redio ilishatangaza onyo la dhoruba.

Ijumaa jioni Mwamba akaandika kwenye kundi la WhatsApp la jengo: "Kesho asubuhi tunaziba chemba ya mlango B. Mutoe magari."

Kuziba! Chemba iliyo mbele ya ngazi zangu! Hasira zangu hazipigi hodi. Nilishuka na ndala, nikalichukua gari langu, nikaliegesha juu ya chemba yenyewe. Nikalala usingizi mnono.

Asubuhi lori likaja. Mwamba akapiga honi, akatazama dirishani kwangu.

"Mama Adam, utoe gari, tafadhali!"

"Sitoi! Huzibi kitu hapa!"

"Nisipoziba, maji itaingia kwako!"

"Unanitisha? Ukiziba ndipo yataingia! Mwanamume mzima, huna haya!"

Niliongeza na mengine ambayo sitayarudia. Madirisha yakafunguka, watu wakachungulia. Mwamba akavua kofia, akakuna kichwa. Mwenzake, Mswidi, alikuwa anamwonyesha saa, kwa sababu walikuwa na chemba kumi na moja za kumaliza kabla ya upepo. Wakaondoka. Nikafunga dirisha nikijiona mshindi.

Baada ya dakika kumi Olive, jirani yangu Mkongo, akagonga mlango.

"Dada Brigitha, umefanya nini? Mwamba amenipigia, anauliza kwa Kifaransa amekukosea wapi."

"Anataka kuniziba chemba!"

"Hapana, anataka kutoa majani! Kuziba, kuzibua, kwake yote ni moja."

Mungu wangu. Nilikaa chini palepale. Kisha nikakimbia kuliondoa gari, na kweli, wavu wa chemba hata haukuonekana kwa majani. Nikampigia Mwamba. Akasema lori liko mbali na haliwezi kurudi, zamu yake inaisha saa tisa. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Saa nane mvua ikaanza, nusu maji nusu theluji. Gauni nililipandisha juu. Vyerehani sikuweza hata kuvisogeza. Nilijaribu kufukua majani kwa fagio, lakini wavu wenyewe haukunyanyuka. Nikapanda juu, nikasimama dirishani nikitazama dimbwi la uani linavyokua, mpaka likabakiza vidole viwili tu kufika ngazi ya kwanza.

Ndipo nikamwona Mwamba, kwa miguu, na ndoano ya chuma na ndoo. Akanyanyua wavu, akalala kifudifudi kwenye maji, akazamisha mkono wote.

Nilimtukana mbele ya jengo zima, basi nikafungua dirisha mbele ya jengo zima.

"Mwamba! Nisamehe! Mjinga ni mimi!"

Upepo ulichukua maneno yote. Akanyanyua uso.

"Usikasirike, Mama Adam! Naziba haraka!"

Nilicheka na machozi yakanitoka. Nikashuka bila koti, nikapiga magoti kando yake, nikaingiza mkono mpaka begani. Baridi ile, jamani! Nikavuta, naye akavuta, majani mafungu kwa mafungu, mpaka nikahisi maji yananivuta vidole kwenda chini. Dimbwi likaanza kurudi nyuma, likaziacha ngazi zangu. Mwamba, meno yakigongana, akaniuliza kama bado nimemkasirikia.