Dawa Niliyoandikiwa Mimi

Trekta ninaloendesha lilipoteza sailensa yake kabla binti yangu hajazaliwa, na mwenye trekta hajaona haja ya kununua nyingine. Ndiyo maana mimi hupiga kelele. Mtu anayevuta trela za miwa kutwa nzima kutoka mashambani hadi kiwandani Butali hawezi kumwambia mpakiaji "sogea kidogo, ndugu yangu" kwa sauti ya kanisani; atamkanyaga. Shida yangu ni kwamba jioni nilikuwa nazima trekta na kusahau kujizima mwenyewe. Leo nayasimulia haya nikicheka, lakini wakati huo hakuna aliyecheka nyumbani kwetu.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka sita na alikuwa ametushinda. Nasema hivyo bila kumwonea. Ukimwambia avae viatu, anavitupa. Ukimwita kula, anajilaza katikati ya njia, pikipiki zinampita huku na huku. Shuleni aliwauma wenzake wawili, na kabla muhula haujafika nusu alichukua kiatu cha mtoto mwingine akakitumbukiza chooni. Mwalimu mkuu aliniita. Alinipokea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mzazi, tumevumilia," aliniambia. "Kikitokea kisa kingine kabla ya kufunga shule, itabidi umtafutie pahali pengine."

Nilinunua kiatu kipya cha mtoto wa watu, nikarudi nyumbani, nikamchapa wangu. Baba yangu alinichapa na sikufa. Huo ndio uliokuwa utetezi wangu siku zote. Safari hii binti yangu aliniuma kidole gumba, nami nikainua mkono kwa namna ambayo sikuwa nimepanga. Mke wangu akaruka akasimama kati yetu. Mkono uliishia hewani, lakini mimi nilijua ulikokuwa unaelekea, na niliuogopa kuliko nilivyomwogopa mwalimu mkuu.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliteremsha begi la buluu kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za mtoto. Mama yake anaishi Shinyalu, kwenye kishamba cha chai, na alikuwa ameshasema atampokea mjukuu wake.

"Akifukuzwa shule, anaenda kwa mama," alisema. "Na ukiinua huo mkono tena, anaenda hata kabla hajafukuzwa."

Begi likawekwa chini ya kitanda, limejaa nusu. Kila jioni nilipoinama kuvua gambuti nililiona.

Mwalimu mkuu ndiye aliyetuelekeza kwa mshauri wa watoto mjini Kakamega. Alikuwa msichana aliyesuka nywele vizuri, wa umri ambao ningeweza kumzaa. Nilitarajia ampe mtoto dawa ya kunywa, au amtishe kidogo kwa Kiingereza. Badala yake alitupa vipande vya mbao, mimi na binti yangu, akaniambia tucheze dakika tano. Yeye akakaa pembeni na karatasi, akichora mistari midogo. Nilicheza kwa bidii. Nilimwonyesha mtoto jinsi ya kupanga mbao, nikamrekebisha, nikamuuliza hii ni rangi gani, na mnara ulipoanguka nikamwambia auinue.

Baadaye alinionyesha karatasi. Ilikuwa na safu tatu. Ya amri ilijaa mistari hadi ikakosa nafasi. Ya maswali ilikaribia kujaa. Ya tatu ilikuwa nyeupe.

"Hapa ni pa nini?" nikauliza.

"Hapo ni pahali pa sifa, mzazi."

"Si nilimwambia amejaribu?"

Mshauri aliinama akajikuna shingo, nadhani ili nisimwone akicheka. Ilibidi nimweleze. Kwetu "umejaribu" ndilo neno la juu kabisa mwanamume wa rika langu anaweza kulitoa kinywani. Jirani akimaliza nyumba ya matofali, tunamwambia umejaribu. Kijana akipita mtihani, amejaribu. Mke wangu mwenyewe, siku ya arusi yetu, nilimwambia hivyo, na hadi leo ananikumbusha.

"Hilo neno mtoto analisikianga kama amekosa, ni vile tu hakukosa sana," alisema mshauri. "Mwambie kile amefanya. Asante kwa kuweka mbao kwa kikapu. Hivyo."

Basi nilimpeleka mtoto atibiwe, nikaandikiwa dawa mimi. Kila siku dakika tano za kucheza mchezo anaoutaka yeye, bila amri, bila swali, bila kumfundisha chochote. Kazi yangu ni kusema ninachomwona akifanya, na kumshukuru kwa jema, kwa jina la jema lenyewe. Utundu mdogo niupuuze. Nikiwa na la kumwagiza, nimsogelee, nimwambie jambo moja, kwa sauti ya chini, kisha nihesabu hadi tano moyoni. Na kila Alhamisi nirudi. Mwenye trekta nilimdanganya kwamba nang'olewa jino, na wiki ya nne akaniuliza nina meno mangapi.

Siku ya kwanza tulikaa uani. Binti yangu alikuwa na kopo na majani ya miwa. "Unaweka jani ndani ya kopo," nikasema. "Unaongeza la pili. Sasa unalitoa."

Jirani aliegemea ua. "Siku hizi unatangazanga mpira?"

Binti yangu naye alinitazama kwa mashaka. "Baba, wewe ni mgonjwa?"

Kushukuru ndiko kulikonishinda. Nilisema, "Asante kwa kuweka kikombe mezani bila kukirusha kama jana," nikajiona nimefaulu. Nilipomsimulia mshauri, aliniambia nikate mkia. Niishie kwenye neno "mezani". Huwezi kujua kwamba sifa zako zote zina mkia hadi ujaribu kuukata. Wiki nzima niliuma ulimi kila nilipofika mwisho wa sentensi.

Na mambo yaliharibika kwanza. Mshauri alikuwa ametuonya kwamba mtoto akiona kelele zake hazijibiwi, atazidisha. Alizidisha. Asubuhi moja alimimina uji ndani ya gambuti yangu, nami nikagundua kwa mguu. Nilihesabu hadi tano, haikutosha, nikatoka nje na mguu wa uji nikaenda kusimama kwenye miwa hadi hamsini. Niliporudi, mke wangu alikuwa mlangoni akiangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeitia mifukoni. Aliniletea maji ya kuoshea mguu, na hakuligusa begi.

Wiki iliyofuata nilichuchumaa karibu na binti yangu, nikamwambia polepole, "Vaa viatu." Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika nne akainama akavaa. Cha kulia alikitia mguu wa kushoto. Nilitamani kumrekebisha, lakini nikasema, "Asante kwa kuvaa viatu mara moja," na akaenda shule hivyo, vidole vikitazama nje, ametulia kabisa.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu aliniita tena. Nilikwenda nikilifikiria begi.

"Mzazi, muhula ujao aje," alisema. "Aje na viatu vyake, vya wenzake aviache tu."

Nilitoka pale nikakaa kwenye jiwe karibu na geti, nikicheka peke yangu. Nilikaa hadi mlinzi akaniuliza kama nangoja mtu.

Jumapili iliyofuata mke wangu alibaki kanisani kwa mkutano wa akina mama, nami nikapika. Obusuma wangu, yaani ugali, ulikuwa na mabonge, na upande mmoja uliungua. Nilimwekea binti yangu sahani nikarudi nyuma hatua moja, maana sahani kama hiyo zamani ingeruka. Alibonyeza bonge kwa kidole. Akamega, akatafuna kwa muda mrefu, akanitazama.

"Baba, umejaribu," alisema. "Asante kwa kupika." Kisha, baada ya kumeza: "Na leo hukupiga kelele kama zamani."

Mkia huo nilistahili. Nililia pale mezani, sina haya kusema, na yeye akaendelea kula.

Mke wangu aliporudi alinikuta nimepiga magoti chumbani, begi liko wazi, narudisha nguo za mtoto kabatini moja moja. Nilimwomba namba ya mama yake. Alishangaa, kwa sababu mimi na mama mkwe, kwa mila yetu, huheshimiana kwa kutoongea. Salamu zote hupitia kwa mke wangu. Nilimpigia mwenyewe, nimesimama wima kama niko mbele yake. Nikamwambia Jumamosi tunakuja Shinyalu kumsalimia, sisi sote watatu, na jioni tutarudi sote watatu.