Nani Aliyewaondoa Sange

Alhamisi, 11 Julai. Mawingu tangu alfajiri, upepo wa kusi, manyunyu kidogo kwenye saa nne.

Nimehesabu viota vya sange kwenye mstari wangu, njia ninayoikagua msituni, nimepata viwili. Mwezi wa tano vilikuwa tisa. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, analala ndani ya rundo la majani makavu, na msitu huu wa nyuma ya kilima cha Wazo ni kati ya sehemu chache alizobakia. Kazi yangu ni kupita kila wiki na kuandika. Nimeishia darasa la saba, lakini kuhesabu najua, nadhani.

Nimekuwa nikimshuku jirani yangu mchonga vinyago. Ana ruhusa ya kuokota miti iliyokufa humo, ndiyo riziki yake. Wiki iliyopita nilimwona anatoka na waya ameukunja kiganjani, kama wa kutegea wanyama. Jumatatu nikamwambia bwana misitu: sina ushahidi, ila waya nimeuona. Sijui kama nilisema vizuri. Jana akamsimamishia ruhusa.

Leo mchana bwana misitu kaja na picha za kamera iliyofungwa mtini. Jirani naye kafika kuulizia ruhusa yake. Tukaziangalia wote watatu barazani kwangu.

"Huyu nani?" akauliza bwana misitu.

Nilikuwa mie, nimeinama na ufagio wa chelewa. Picha ya pili, mie. Ya tatu, mie.

"Mama, unafagia msitu?"

"Nafagia pembeni ya viota, nivione vizuri. Pawe pasafi."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, umemfagilia sange hadi godoro. Mgeni akifagiliwa hivyo si anajua aondoke?"

Bwana misitu hakucheka. Alisema sange hukusanya majani ya palepale. Pakiwa peupe hajengi, anahama.

Nimeshika ufagio tangu mdogo. Kwetu majani yakilala uani mpaka jua linachomoza, majirani wanakusema. Haikunijia kabisa kwamba pale yanatakiwa.

Nikasema mbele yao kuwa mharibifu ni mie, na aliyemtaja jirani ni mie, arudishiwe ruhusa. Nikaomba iandikwe, ikaandikwa. Kicheko cha jirani kikaisha.

"Na ule waya?" nikamuuliza.

"Wa kufungia mzigo."

Inawezekana. Mizigo yake naionaga imefungwa kwa mpira, sijawahi kuona waya. Naandika nilichoona tu, nimeshamponza mara moja. Lakini bado namwangalia, na sasa yeye naye ananiangalia.

Jioni nilimpelekea bakuli la kisamvu cha nazi. Alilipokea mlangoni, akashukuru, hakusema karibu ndani. Sie wa nyumbani tulikula kilichobaki, na ugali.