Sahani ya Kaburi la Juu

Mkitaka kusema mzee ameanza kuweweseka, semeni. Haya yalinipata mwenyewe, hapa Salale, baada ya alasiri, jua likiwaka.

Kwetu huku hata wafu wana vyeo. Juu, penye mchanga mkavu, wamelala waungwana wa zamani, makaburi ya chokaa yaliyopachikwa sahani za kaure. Chini, ukingoni mwa mikoko, wamelala wetu, ambao babu zao walinunuliwa. Hao wana kijiti tu, na maji ya bamvua yakija yanakizoa. Mke wangu Mwanahawa alipofariki niliomba azikwe juu.

"Kule pamejaa, mzee mwenzetu," wazee wa mji wakaniambia.

Pamejaa! Mbuzi wanalala kule wamejinyoosha. Shule niliishia la pili, lakini mahali patupu napajua.

Basi nikabandua sahani moja ya kaburi la juu, ya maua ya buluu, nikaipachika kwenye kaburi la Mwanahawa. Nilitaka naye aonekane mtu.

Siku ya tatu nimekaa pale peke yangu, namhadithia habari za kuvua kamba na za mvua kama kawaida yangu, nikasikia ko, ko, ko. Mitalawanda, vile viatu vya mti vya mabibi wa kale. Hebu niambie, viatu vya mti vinalia vipi kwenye tope? Nikageuka. Bibi kizee, ukaya mweupe kichwani, na nyuma yake tope halina hata alama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeiweka kombo."

"Nitairudisha, bibi. Niliazima tu."

"Unaazima bila hodi? Iache." Akaketi palepale topeni. "Huyu wako unazungumza naye kila siku, nakusikia kule juu. Wanangu walihama zamani, hakuna anayenitaja. Nawe unitaje."

"Jina lako nani, bibi?"

Akafungua mdomo. Akafikiri. Wallahi, alikuwa amelisahau. Machozi yakamtoka, nami yakanitoka. Nilipopangusa macho, hayupo.

Tangu siku hiyo naomba dua mbili, ya Mwanahawa na ya bibi wa sahani. Nikichelewa, ko, ko, ko mlangoni kwangu. Binti yangu yuko Mchukwi, ananiita nikakae naye, kuna umeme. Nitaendaje?

Usiguse kitu cha kaburini, nakusihi. Utadhani umebeba sahani, kumbe umembeba mwenyewe, na hana mwingine ila wewe.